Duka Lililoongezeka Kila Ijumaa

Haya ninayoyaandika ni kweli, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Sikuhadithiwa, nilikuwepo. Kama kuna neno moja la uongo humu, basi mkono wangu huu wa kulia, uliopaka rangi vibao vya nusu ya Kariakoo, na ukauke kama muhogo ulioanikwa juani. Najua wale wanaokaa barazani kwa Mgeni muuza kahawa watacheka, maana mwaka jana niliapa hivihivi kuhusu pweza aliyekuwa akicheza bao. Yule pweza tumwache. Hii ya duka ni kweli, na Jumapili iliyopita niliisimulia pale kwa dau: atakayenikamata na uongo, namnywesha kahawa yeye na baraza zima, kashata juu yake, kwa wiki nzima.

Niliisimulia hivi.

Mimi ni Mrisho Mbaruku. Sasa nimestaafu, ngazi sipandi tena, magoti yamenikatalia. Lakini enzi za Mwingereza, miaka ile ya thelathini na kitu, mtu akifungua duka popote kati ya Mnazi Mmoja na Ilala, alikuwa hajalifungua mpaka mimi nimeandika jina lake juu ya mlango. Shule sikwenda. Herufi nilijifunza kwenye madebe ya mafuta ya taa. Marehemu baba alikuwa ameezeka kibanda chetu kwa madebe yaliyokunjuliwa, na maandishi yaliyogongwa kwenye lile bati yalionekana kwa ndani, juu ya kitanda changu. Nikilala chali, nasoma. Nilijisomesha mwaka mzima, ndipo nikaja kugundua kwamba upande wa ndani herufi zote zimegeuka. Ikabidi nizinyooshe moja moja. Nyingine zilikubali. J ilikataa. Mkono ulikwishaizoea, na kila nikiiandika ndoano yake inatazama kulia badala ya kushoto.

Kibao cha kwanza nilicholipwa kilikuwa cha Salem Muhiddin, pale kona ya Mtaa wa Mkunguni. Salem alikuwa Mshihiri. Babu yake ndiye aliyeshuka na makapu ya tende kutoka Hadhramaut; yeye mwenyewe Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia tu, mengine yote Kiswahili cha hapahapa. Duka lake lilikuwa na mlango mmoja. Nyuma ya meza kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia ndiyo nyumba, na ndani ya nyumba mkewe, Hind, aliyekuwa bi harusi wa mwaka ule. Nilimwandikia kwa rangi nyekundu: SALEM MUHIDDIN, JUMLA NA REJAREJA. J tatu, zote zimetazama kusikotakiwa.

Salem akatoka barabarani, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Nikamwambia, ami, kesho nitazirekebisha. Akaniambia niziache, mtu akikiiba kile kibao, hata akikipeleka Tabora, kitajulikana ni cha nani.

Sasa, watu hawakwenda kwa Salem kwa sababu ya kibao. Walikwenda kwa sababu ya mkono. Ukinunua kibaba cha mchele, Salem anapima, anasawazisha kwa kiganja, anakumiminia kwenye kikapu, halafu anauingiza mkono wa kulia guniani na kukuongezea konzi moja. Haukuwa mkono mdogo. Wanawake walimwita kwa huo mkono. Mtu akitoka sokoni alikuwa hasemi anakwenda kwa Salem, anasema anapitia mkono. Na wewe ukisahau kuudai, yeye hasahau. Kama umekwishafika mlangoni anakuita urudi.

Basi safu ile, kutoka kona ya Salem kwenda upande wa Msimbazi, ilikuwa na maduka saba ya mlango mmoja mmoja. La kwanza ni la Salem, kwenye kona. La pili la Zahoro, muuza kanga na nyuzi, mtu mwenye maneno kuliko kanga zake zote. Katikati palikuwa na wengine wanne. La mwisho, la saba, lilikuwa la Bi Zamda, mwenye nazi na samli. Baada ya Bi Zamda palikuwa na ghala kuukuu la ngozi, milango mitatu, limefungwa tangu Wajerumani waondoke.

Dalili ya kwanza ilikuwa sisimizi. Siku zote duka la Salem lilikuwa na sisimizi kwa sababu ya zile tende, hata alikuwa anawapigia hodi. Asubuhi moja nilimkuta amechuchumaa mlangoni anatazama chini. Sisimizi wote walikuwa wanatoka. Wamejipanga mstari mmoja mweusi, mnene kama kamba ya nanga, wanapita chini ya ukuta kwa Zahoro, kwa yule, kwa yule, mpaka kwa Bi Zamda, na kuingia chini ya mlango wa ghala la ngozi. Walipita toka alfajiri mpaka adhuhuri. Nilipowafuata nyuma nikakuta wengine wanatoka Ilala, wanavuka barabara. Salem akasema polepole, hawa wanahama. Ghala lenyewe siku hiyo lilikuwa tupu bado.

Siku ya tatu milango ya ghala ikafunguliwa, imepakwa rangi ya buluu, ukuta wote buluu, na ndani kulikuwa na duka ambalo Kariakoo ilikuwa haijaliona. Hakukuwa na meza ya kukutenganisha na mali. Bidhaa zimepangwa kwenye rafu kutoka chini mpaka juu, wewe unapewa kikapu mlangoni, unazunguka, unachukua mwenyewe. Mchele umekwishapimwa, uko kwenye mifuko ya karatasi. Sukari imekwishapimwa. Sabuni, viberiti, taa za chemni, majembe, biskuti za bati, kofia za tarbushi, vyote mle mle. Tuliliita Duka Pana. Lilikuwa la kampuni, na kampuni yenyewe ya nani hakuna aliyejua. Wengine walisema ya Mzungu wa Nairobi, wengine ya Mhindi wa Bombei. Tuliyemwona sisi alikuwa karani mkuu tu, bwana mmoja wa kutoka misheni za bara, jina lake Theophil. Mtu mpole. Viatu vyake havikuwahi kushika vumbi, na mchanga wa Kariakoo mnaujua.

Jambo lililonitisha mimi halikuwa zile rafu, lilikuwa ule ukimya. Kwa Salem huwezi kununua hata sindano kabla hamjaulizana hali, nyumba, mgonjwa wa nyumba, na jirani wa mgonjwa. Mle ndani mtu anaingia anakaa kimya. Watu mia wanazunguka na vikapu, husikii ila kandambili. Jua la saa saba linawaka nje, ndani kuna baridi ya kisimani. Nilimwona Selemani fundi cherehani akiingia kununua kiberiti. Alitoka na sabuni, jembe na tarbushi, akasimama barabarani anajiuliza alikuwa amefuata nini.

Na juu ya mlango wa kati palikuwa na kibao. Nani alikiandika, wallahi sijui, kililetwa kimekwisha. Kilikuwa na maneno mawili, herufi nyeupe juu ya buluu: BEI MOJA. Bado nakiona. B imenona kama mwenye duka, na J ndoano yake imetazama kulia, upande wa kwa Salem, kama inayotaka kuuvuta ule mlango wa kona.

Sasa nyie wa leo mtasema, bei moja maana yake bei isiyopunguzwa, bei ya kutosumbuana. Kampuni nayo ilitaka hivyo. Lakini Kariakoo ya siku zile nani alikuwa amewahi kuona bei isiyopunguzwa? Watu walisoma kilichoandikwa. Bei moja ni bei moja: kila kitu mle ndani kina bei ileile.

Wa kwanza kulisema alikuwa Bi Zamda. Aliingia siku ya ufunguzi, jirani kumwona jirani, akazunguka, akabeba mfuko wa sukari ambao mtu wa kawaida anaubeba kwa mikono miwili, akauweka mbele ya karani wa kupokea pesa pamoja na senti kumi. Karani akamwambia, mama, haitoshi. Bi Zamda akamwonyesha mtu aliyekuwa mbele yake: huyu kachukua kiberiti, katoa senti kumi, na mimi natoa senti kumi. Karani akaanza kubishana, wanawake wakajaa nyuma, kila mmoja na mfuko wake, mmoja ana taa ya chemni kichwani. Ndipo Theophil akaja, amefunga mikono nyuma.

"Mama," akamuuliza, "nani amekuambia ni senti kumi?"

"Kibao chako."

Theophil akatoka nje. Akasimama barabarani akakitazama kile kibao muda mrefu. Mimi nilikuwa kando pale, nikamwona usoni. Kwanza alikasirika. Kisha akaitazama ile safu, akaanza kwa Bi Zamda, akaenda polepole mpaka kona, mpaka kwa Salem, akiisoma milango mmoja mmoja kama mtu anayesoma barua. Na hasira ikamtoka, akatabasamu. Akarudi ndani.

"Kibao kimekwishasema," akawaambia makarani. "Wapeni."

Senti kumi. Kila kitu. Mwezi mzima.

Watu walitoka Ilala, Buguruni, Magomeni, wengine na mikokoteni. Mimi mwenyewe nilinunua jembe, na shamba sina. Kampuni ilikuwa inapata hasara ya kuzamisha meli, na kila jioni lori linatoka bandarini linashusha mali mpya. Salem aliniambia kwamba mtu anayefanya biashara hivi ama ana wazimu, ama hafanyi biashara. Nikamuuliza sasa anafanya nini. Alikuwa anachambua fukusi kwenye mchele wake, maana ulikuwa umeanza kukaa.

Mwezi ulipokwisha, zile senti kumi nazo zikaisha. Kila kitu kikawekewa bei yake, na bei ile haikupunguzwa kwa senti moja. Lakini miguu ya watu ilikwishaizoea njia.

Ndipo zikaanza zile Ijumaa.

Ijumaa ya kwanza tulikwenda msikitini, mtaa mzima. Mimi nilikuwa safu ya kwanza, nyuma ya imamu, nilisikia mpaka pumzi zake. Tulipotoka, Duka Pana lilikuwa na milango minne. Nimesema minne. Pale palipokuwa na mlango wa Bi Zamda palikuwa na buluu, na rangi imekauka. Jina lake halipo. Nazi hazipo, harufu ya samli haipo. Tukasimama kama waliopotea njia. Zahoro akapita akihesabu milango kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akarudi akahesabu tena kutoka upande wa pili. Bi Zamda mwenyewe tulimwona Jumamosi, ndani. Amevaa koti la kaki, anapanga mifuko ya mchele kwenye rafu. Zahoro akamwamkia, shikamoo Bi Zamda. Hakuitikia. Alimtazama tu, akaendelea kupanga, kwa sababu mle ndani mfanyakazi kuongea na mteja ilikuwa ni marufuku.

Ijumaa ya pili, milango mitano. Ya tatu, sita. Ilikuwa daima wakati wa swala. Watu walianza kusikiliza hotuba huku shingo zimegeukia mlangoni. Mmoja aliapa kwamba amesikia ukuta ukitafuna. Ijumaa ya sita ikamfika Zahoro. Asubuhi alitupigia kelele wote kwamba yeye hatoki dukani, ataswali pale pale juu ya kanga zake. Adhuhuri akaona aibu, akaja msikitini. Tuliporudi, buluu ilikuwa imefika ubavuni kwa Salem, imesimama pale inanuka. Na Zahoro yule, mwenye maneno kuliko kanga, niliwahi kumkuta mle ndani na koti lake la kaki, nikamwambia neno moja la utani ambalo zamani angenijibu kwa kumi. Midomo yake ilicheza kidogo. Sauti haikutoka.

Akabaki Salem.

Wiki ile Theophil alikuja kwake, mimi nimekaa pale kwenye benchi. Alivua kofia. Alitoa salamu vizuri, akauliza hali ya nyumba. Alikuwa amejifunza.

"Bwana Salem, hujachoka?"

"Kuchoka na nini? Inayopima ni mizani. Mimi nimekaa."

"Kampuni inaweza kuuza kwa hasara mpaka Ramadhani, na baada ya Ramadhani. Wewe unaweza mpaka lini?"

"Mpaka mchele uishe."

Theophil akainama, akachungulia gunia lililokuwa wazi. Akalikunja mdomo wake vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Umekwisha," akasema. "Hatumfukuzi mtu, Bwana Salem. Kila mmoja ana nafasi yake ndani."

Alipoondoka, mwanamke mmoja akaja kununua nusu kibaba. Salem akapima. Akaingiza mkono guniani kutoa ile konzi, nikausikia mkono ukikwaruza chini. Akatoa alichopata. Akampa chote.

Na Ijumaa ya saba, mimi nikiwa safu ya kwanza kama kawaida yangu, tulitoka msikitini na Salem yuko mbele yetu na ufunguo mkononi. Tulifika kona. Kona hakuna. Nasema hapakuwa na mlango, hapakuwa na kibao, ni buluu imezunguka kona nzima. Salem akaanza kuupapasa ukuta kwa kiganja, ule mkono, hatua kwa hatua, anatafuta tundu la kufuli. Akageuka akaniuliza mimi, katika watu wote wale, duka lake liko wapi. Nikamwambia, ami, sijui. Akapita kwenye mlango mkubwa wa kati akaingia kulitafuta ndani. Akapewa kikapu. Tukamwona anatembea kati ya rafu, anatazama kulia na kushoto, mpaka akafika zilikokuwa rafu za mwisho, akakunja kona, asionekane tena.

Jumamosi alikuwa amesimama mlangoni na koti la kaki. Kazi yake ilikuwa kugawa vikapu. Mali hakuruhusiwa kuigusa. Na ule mkono wa kulia, wallahi billahi, ulikuwa unafumba na kufumbua wenyewe, unafumba na kufumbua, kutwa. Watu wakawa wanapita upande wake wa kushoto ili wasiuone.

Duka Pana lilikula mpaka mitaa miwili nyuma. Kisha vikaja vita vya Hitla, meli zikakoma, rafu zikakauka, na kampuni ikaondoka kama ilivyokuja. Iliacha milango yote wazi. Hakuna aliyerudi kwenye wake. Walikuwa hawakumbuki upi ni wa nani. Salem alifariki kabla vita havijaisha.

Hapo nikanyamaza. Mgeni muuza kahawa ameshika dele hewani, kasahau kumimina. Nikajua dau langu limepona.

Sasa, kashata anazouza Mgeni hazipiki yeye. Zinaletwa kila alasiri kwenye sinia na bibi mmoja wa mtaani, ambaye huweka sinia, huchukua sinia tupu na kwenda zake. Jumapili ile hakwenda zake. Alikuwa amesimama nyuma ya nguzo tangu kwenye habari ya sisimizi, na mimi, kwa kunogewa na maneno yangu, sikumwona. Alikuwa Bi Hind, mjane wa Salem Muhiddin.

"Mzee Mrisho," akasema, "nina swali dogo tu. Ile J ya kwenye BEI MOJA, umesema ilitazama wapi?"

Nikamwambia kulia.

"Na zile tatu za mume wangu?"

Nikaweka kikombe chini. Vijana wa barazani walikuwa hawajaelewa bado, ila Mgeni alielewa. Alilishusha lile dele taratibu.

"Kililetwa kimekwisha, eti," akasema Bi Hind. "Haya. Na Ijumaa ulikuwa safu ya kwanza."

Nikasema nilikuwa safu ya kwanza.

"Nani alikuwa kulia kwako?"

Nikafikiri. Nikamtaja marehemu mmoja. Akauliza wa kushoto. Nikamtaja marehemu mwingine. Watu wakaanza kucheka, lakini yeye hakucheka, na wao wakaacha.

"Mimi nilikuwa nyuma ya pazia," akasema. "Wanaume wote wamekwenda kuswali, mtaa mtupu. Nikasikia ngazi inaegemezwa ukutani. Nikasikia brashi. Na mwenye brashi alikuwa anapiga mluzi, Mzee Mrisho, uleule unaoupiga mpaka leo ukishuka kuja hapa. Nilifikiri unakifungua kibao kama mume wangu alivyokuomba."

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nikawaambia, na ninyi mnaosoma nawaambia. Theophil alinipa ubao na maneno: bei zetu hazipunguzwi. Ubao ulikuwa mfupi. Maneno yale hayakuenea. Nikaona nifupishe, nikaandika BEI MOJA, nikajisifu kwa akili. Siku ile ya Bi Zamda, Theophil aliporudi kutoka kukisoma kibao, alinipitia pale kando akanigusa bega, na tangu siku hiyo kazi zote za rangi za kampuni zikawa zangu. Milango ilikuwa haiongezeki yenyewe. Wenyewe walikuwa wanaitoa, mmoja mmoja, gunia likishakauka. Siku ya Alhamisi wanatia sahihi, Ijumaa wakati wa swala mimi napaka. Ilitakiwa iwe hivyo, mtaa ukiwa mtupu, ili watu wakirudi wakute imekwisha. Ukuta haukutafuna mtu. Ilikuwa brashi yangu.

Sikumtazama Bi Hind. Nikasema basi, nimekamatwa, Mgeni amimine, na kashata ziongezwe. Nilitaka yaishie kwenye kahawa.

"Mume wangu duka alilitoa mwenyewe," akasema. "Alikujia Alhamisi kwako, akakuambia: kesho, kabla ya rangi, nifungulie kile kibao uniletee ndani. Ukamwambia, ndiyo, ami. Duka alilitoa. Jina hakulitoa."

Ni kweli. Misumari minne tu. Nilikuwa juu ya ngazi na koleo mfukoni, brashi mkononi, na rangi ya buluu ilikuwa inakaribia kukauka kwenye debe, na Theophil alikuwa amesimama chini anatazama saa. Nikaona kuchomoa misumari ni kazi, kupaka juu yake ni dakika. Nikapaka.

Bi Hind akaondoka. Tulifikiri amekwenda moja kwa moja. Mgeni alimimina, watu wakanywa, na katika miaka yangu yote ya barazani sijawahi kulipia kahawa iliyonywewa kwa ukimya namna ile. Ungesema tuko ndani ya Duka Pana. Kisha akarudi, na chini ya buibui lake kuna ubao. Akauweka juu ya magoti yangu. Ulikuwa wa buluu, umechakaa, una alama za mafuta ya sinia. Kampuni ilipoondoka na kuacha kila kitu wazi, aliuchomoa mwenyewe ukutani kwa nyundo. Miaka yote hii umekuwa rafu yake ya kupozea kashata.

"Dau lako umesema kahawa," akaniambia. "Mimi sinywi kahawa. Kwangua."

Kahawa ya wiki nimelipa, na Mgeni ni shahidi. Ubao bado. Kila alasiri napiga hodi kwa Bi Hind, nakaa kibarazani kwake na kisu butu na kipande cha msasa, nakwangua. Rangi ya kampuni ilikuwa rangi nzuri, haitoki kirahisi. Imeniingia kwenye kucha, na naosha kwa sabuni na mafuta ya taa, wapi. Usiku nikilala naona vidole vya buluu.

Juzi imetokea J ya kwanza, ya JUMLA. Nyekundu vilevile, ndoano imetazama kulia. Bi Hind alikuja akaitazama, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Nikamwuliza, niirekebishe? Akasukuma sahani ya kashata karibu yangu, nikachukua moja, na nilipokuwa nainuka akaniita nirudi, akaniongezea konzi.

Leo nimemaliza REJAREJA, nimeanza jina. Nimefika kwenye M. Nilijisahau nikapiga mluzi, akagonga ukuta kwa ndani, nikanyamaza.